Revolva ya bei chini: namna ajusta anavyoichunguza kabla pesa haijatoka mfukoni

Mpwa wangu anaishi Phoenix, Arizona, huu mwaka wa tisa. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na mwezi uliopita alinitumia video kwa WhatsApp: revolva nyeusi, ile bastola ya silinda inayozunguka, juu ya meza ya kioo dukani, kibandiko cha bei kikining'inia kwenye kifyatulio. Sauti yake ikatoka nyuma ya kamera: "Mujomba, hii iko bei chini. Niuze?"

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asishtuke. Kwetu Lubumbashi kuuza ni kununua. Anayetoa mali apokee pesa, huyo anauzisha. Kijana alikuwa anaomba ushauri kama anunue.

Mimi si mfanyabiashara wa silaha wala sina hata moja nyumbani. Ni ajusta mstaafu, yaani fundi wa kupatanisha vipande vya mashine, miaka 31 katika karakana za migodi, na kazi yangu yote ilikuwa chuma kukutana na chuma: shafti na beringi, pini na tundu lake, mapengo ya sehemu za mia za milimita. Mkubwa wangu wa kwanza wa karakana alikuwa mpiga shabaha wa klabu. Jumamosi moja alifungua revolva yake juu ya benchi, akaipanga vipande vipande kwenye kitambaa, akaniambia nimwonyeshe ipi itachakaa kwanza. Tangu siku hiyo nimeshika nyingi za wenye vibali, wawindaji na watu wa klabu, waliotaka jicho la fundi. Mpwa nilimjibu kwa jumbe za sauti ishirini na kitu, mpaka simu ikazima. Haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga tu.

Kabla ya yote: unanunua wapi?

Ukiwa hapa Kongo, habari ni fupi. Sheria-amri namba 85-035 ya 3 Septemba 1985 ndiyo inayoongoza silaha na risasi, na bila kibali huna haki ya kuishika, hata iwe nzuri kama saa ya Uswisi. Raia anayekutwa na silaha ya kivita anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Mtu akikunong'oneza kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi au njiani Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwamba ana "kitu kidogo cha bei ya kirafiki", usianze kuuliza kama silinda inafunga vizuri. Ondoka.

Arizona ni nchi nyingine. Duka lenye leseni litamuuzia bastola mwenye miaka 21 na kuendelea, baada ya kujaza fomu ya 4473 na kukaguliwa jina lake. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila kwa masharti machache. Na kununulia rafiki asiyeruhusiwa, ukijifanya ni yako, ni jinai. Mpwa ana kadi yake, kwa hiyo tukaendelea.

Swali la fundi: mtengenezaji alipunguza wapi?

Watu husema "bei chini" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa nusu ya bei ya jirani lazima kiache kitu, na mahali kilipoacha ndipo panapoamua kama umepata mali au umepata hasara.

Kuna anayeacha kung'arisha. Revolva inatoka na alama za mashine, rangi ya matte, mpini wa mpira. Hiyo haikuhusu, risasi haijui kung'aa. Kuna anayeacha chuma chenyewe, akamimina fremu kwa aloi. Kuna anayeacha mkono wa fundi, yule wa mwisho anayekwangua hapa na pale kwa tupa mpaka vipande visikilizane. Na kuna anayeacha ukaguzi: vitu vinatoka kiwandani, na mkaguzi wa kwanza ni wewe mnunuzi. Huyu wa mwisho ndiye wa kawaida siku hizi, kwa kuwa mashine za kompyuta zimepunguza sana kazi ya tupa. Ndiyo maana katika jina lile lile, mfano ule ule, moja inafanya kazi miaka ishirini na dada yake aliyezaliwa wiki hiyo hiyo anarudi kiwandani mara mbili. Usinunue jina. Nunua ile iliyo mkononi mwako baada ya kuipima.

Majina utakayokutana nayo huko ni haya. Charter Arms ya Connecticut, iliyoanza 1964, inajulikana kwa revolva ndogo za risasi tano. Taurus na Rossi ni za Brazil, zina mifano mingi, nyingine nzuri kweli. Armscor ya Ufilipino inatengeneza .38 nzito isiyo na urembo, ya kiaskari (namba hizi zenye nukta ni saizi za risasi). Heritage ina ile ya .22 ya mtindo wa wachunga ng'ombe, ambayo ni ya kuchezea shabaha, si zaidi. Kati ya hizo zote sijaona jina ambalo ningelikataa lote, wala jina ambalo ningelichukua nikiwa nimefumba macho.

Enzi za nyuma zilikuwa tofauti. Bastola za takataka zilijaa Marekani hadi sheria ya 1968 ikazuia nyingi kuingia kutoka nje. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani, iliyokuwa maarufu kwa hizo, ikaanza kuleta vipande na kuviunganisha Miami. Moja ya hizo, RG-14 ya .22, ndiyo aliyopigwa nayo Rais Reagan tarehe 30 Machi 1981. Zipo bado kwenye meza za vitu vilivyotumika. Usiguse.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni tupu

Mwombe muuzaji aifungue silinda mbele yako. Hesabu vyumba, yale matundu ya risasi kwenye silinda, kwa kidole, kimoja kimoja, vitano au sita au saba, kisha hesabu tena. Mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo hakuna mtu, hata ikiwa tupu, hata ukiwa unapima. Halafu omba ruhusa ya kufyatua kavu, yaani kuvuta kifyatulio bila risasi ndani. Revolva za risasi zenye fataki (kile kidonge kinachowasha baruti) katikati, kama .38 Special, kwa kawaida hazidhuriki. Za .22 usifanye hivyo bila risasi bandia ndani, kwa sababu pini itagonga ukingo wa chumba na kuuponda.

Muuzaji akikataa kabisa usiichunguze, mshukuru na utoke. Anajua kitu.

Hatua ya pili: macho na sumaku

Anza na skrubu. Vichwa vilivyochakaa, vilivyong'atwa na bisibisi isiyo saizi, vinakuambia kuna mtu aliyeingia ndani bila kualikwa. Kwenye mpya usitegemee kuona hata moja. Kwenye iliyotumika, skrubu mbaya moja peke yake inatosha kushusha bei, kwa kuwa hujui alikata springi ipi.

Kisha sumaku ndogo. Sisi wa upande huu tunaijua zinki. Kilomita 30 tu kutoka hapa kuna Kipushi, iliyoitoa ardhini kwa miongo mingi. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, chuma kinapita 1,400. Ndiyo maana aloi ya zinki ni tamu kwa mmiminaji: tanuri dogo, kalibu moja, maelfu ya fremu. Lakini sehemu zinazosuguana juu yake hulika haraka. Sumaku ikikataa kushika fremu, ni aloi: ya zinki au ya alumini. Alumini nzuri ni nyepesi mkononi na inatumika hata kwenye silaha za bei kali. Zinki ni nzito kama jiwe. Kwa .22 ya kutoboa makopo, aloi inavumilika. Kwa .38 na kuendelea nataka sumaku ishike silinda na mtutu kwa nguvu. Chuma kisichoshika kutu huweza kushikwa kwa udhaifu, kwa hiyo usiihukumu kwa sumaku peke yake.

Angalia pia nundu ya mbele ya kulengea. Simama nyuma ya revolva, kama unalenga ukutani, uone kama nundu imesimama wima. Ikiinama kushoto au kulia, mtutu ulikazwa kupita kiasi au haukufika. Ni kasoro ya kiwandani inayojirudia kwa wanaobania ukaguzi, na haiponi kwa mafuta.

Hatua ya tatu: mkono wa silinda

Silinda hutoka ubavuni ikiwa imeshikwa na mkono mdogo wenye bawaba. Kwenye sinema mtu huifunga kwa kuipiga kofi ikajirusha ndani. Kila anayefanya hivyo anapinda mkono huo. Ifunge taratibu kwa vidole na utazame mwanya kati ya mkono na fremu: uwe mwembamba na sawa toka juu hadi chini. Kisha izungushe silinda ikiwa nje. Fimbo ya kutolea maganda isiyumbe kama baiskeli iliyogonga shimo. Shika ncha ya fimbo hiyo na ujaribu kuifungua kwa vidole; ikilegea dukani, siku moja itajifungua ikiwa ndani na silinda haitatoka. Kosa hili hata kampuni kubwa ziliwahi kulipata.

Hatua ya nne: saa

Sasa tumefika moyoni: vipande kufuatana kwa wakati wake, kama saa. Mafundi wa Wafaransa wanaiita nyundo ya silaha "mbwa", na mkubwa wangu alikuwa akisema mbwa huyu asibweke kabla mlango haujafungwa. Maana yake ni hii.

Ukivuta nyundo nyuma, kidole kidogo cha chuma kinapanda kutoka ndani ya fremu na kusukuma nyota iliyo nyuma ya silinda. Silinda inazunguka nyuzi 60 ikiwa ni ya vyumba sita, 72 ikiwa ni ya vyumba vitano. Kutoka chini linakuja komeo, linaingia kwenye kikato cha silinda na kuisimamisha. Chumba lazima kisimame mbele ya mtutu kabisa, na komeo liwe limeshaingia, kabla nyundo haijaruhusiwa kuanguka. Ikichelewa hata kidogo, risasi inatoka kwenye chumba kilichokaa pembeni ya mtutu. Risasi ya .38 ina upana wa milimita 9 na inakuja na msukumo wa zaidi ya bar 1,100. Tairi la lori la mgodi lina bar nane hivi. Risasi ikigonga ukingo inanyolewa, na vipande vya risasi vinaruka ubavuni usoni kwa jirani yako.

Pima hivi. Funga silinda. Weka kidole gumba cha mkono mwingine juu yake, ukandamize kidogo tu, kama unavyoshika yai. Hii ndiyo breki. Vuta nyundo nyuma polepole sana, polepole kuliko unavyodhani. Sikiliza. Unataka kusikia komeo likiingia kabla nyundo haijashikwa nyuma, au angalau pamoja nayo. Nyundo ikishashikwa, jaribu kuizungusha silinda kidogo zaidi, upande ule ule, kwa kidole. Ikisogea na ukasikia "tik" ya komeo, basi ilichelewa.

Rudia kwa kila chumba. Narudia: kila chumba. Meno ya nyota hukatwa moja moja, na nimeona silaha iliyo safi kwenye vyumba vitano na mgonjwa kwenye cha sita. Tia alama ya chaki ujue ulikoanzia. Ukiweza kupata maganda matupu au risasi bandia, jaza vyumba vyote kabla ya kupima, kwa sababu kwenye mifano mingine nyota yenyewe hutegemea maganda ili isicheze, na ukiipima tupu utaionea.

Kisha fanya hivyo hivyo kwa kuvuta kifyatulio bila kugusa nyundo. Vuta taratibu mno. Hapa kidole cha ndani hakina msaada wa mwendo, na uchelewaji ambao mkono wa haraka huuficha unajitokeza. Muuzaji atakuambia, "Ukiivuta kwa kasi inafunga yenyewe." Ni kweli, uzito wa silinda inayozunguka huimalizia safari. Ni kweli pia kwamba kidole cha ndani kinazidi kulika kila siku, hakirefuki.

Kwa revolva mpya, chumba kimoja kilichochelewa kinatosha kuirudisha kwenye kioo. Kwa iliyotumika, fundi anaweza kuweka kidole kipya, lakini toa gharama hiyo kwenye bei kabla ya kulipa, si baada.

Hatua ya tano: kucheza

Vuta kifyatulio mpaka nyundo ianguke na usikiachilie. Huo ndio mkao ambao silaha iko nao wakati risasi inapotoka. Sasa itikise silinda kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni halali. Hata mitindo mingi ya heshima imeundwa hivyo, ili risasi ijitafutie kati yenyewe. Colt za zamani zilifunga kama kasiki la benki, na wapenzi wake hawajaacha kujisifu. Usidai hivyo kwa revolva ya bei chini. Dai tu kwamba vyumba vyote vicheze sawasawa. Kimoja kikiwa kigumu na kingine kikilegea kama jino la mtoto, vikato havikukatwa sawa.

Hatua ya sita: pengo

Hapa nilimwambia mpwa aende duka la vipuri vya magari akanunue fila geji, ile ya vibapa vyembamba ambavyo mafundi hupimia valvu. Ni dola chache. Ndicho kifaa pekee ambacho lazima ukilipie.

Kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu kuna mwanya. Lazima uwepo, vinginevyo silinda isingezunguka. Gesi moto inapotea hapo, na ndiyo sababu vidole havikai kamwe kando ya mwanya huo unapofyatua: wa .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, unaweza kukata nyama. Léon Nagant wa Liège alitengeneza revolva ya 1895 ambayo silinda husogea mbele kuuziba, akalipia ujanja huo kwa kifyatulio kizito kama kufungua koki iliyoshika kutu. Wengine karibu wote wanaishi na mwanya.

Sukuma silinda nyuma, ishikilie huko, na upitishe kibapa. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 ni pazuri. Ikifika 0.25 naanza kunung'unika, ikipita 0.30 naondoka. Chini ya 0.05 pia ni shida ambayo wengi hawaifikirii: dukani inazunguka kama hariri, lakini baada ya risasi thelathini masizi na joto vinaujaza mwanya na silinda inagoma. Revolva nyingi zinazosemwa kuwa "zimekwama" zina ugonjwa huo.

Huna geji? Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Moja ipite. Tatu zikipita pamoja, rudisha.

Sasa sukuma silinda mbele na upime tena. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza: kilichobaki ni mwendo wa mbele na nyuma. Milimita 0.03 hadi 0.08 ni sawa. Ikizidi milimita 0.12, kila risasi itakuwa nyundo inayougonga mkono wa silinda, na pengo litaongezeka lenyewe mwezi hadi mwezi. Pima kwenye vyumba vyote, kwa maana uso wa silinda huweza kukatwa mshazari. Tofauti kati ya chumba na chumba isizidi milimita 0.05.

Dakika kumi zote hizi muuzaji atakuwa anakutazama. Mwache atazame.

Hatua ya saba: mwanga

Tochi ya simu na karatasi nyeupe vinatosha. Silinda ikiwa imefunguliwa, weka karatasi nyuma ya mtutu, tazama kwa mdomo wake. Mifereji iwe na kingo kali, sawa pande zote. Pete nyeusi inayozunguka ndani kama kivuli ni uvimbe: risasi moja ilikwama humo, nyingine ikaifuata. Usiichukue, hata kwa zawadi.

Geuza, tazama koo la mtutu, pale risasi inapoingia baada ya kuruka mwanya. Kwenye mpya tafuta alama za mkataji: mikwaruzo mikubwa ya mviringo maana yake zana ilikuwa butu. Kwenye iliyotumika tafuta ufa, hasa upande wa chini, ambako chuma cha baadhi ya .357 ni chembamba zaidi. Mstari uliochomwa kwenye daraja la fremu, juu ya mwanya, mara nyingi unatisha bure. Hukatika kidogo kisha hukoma.

Ndani ya vyumba, kwa iliyotumika, pitisha kijiti cha masikio. Pamba ikinaswa pameota kutu, na maganda yatakwama hapo.

Hatua ya nane: nyundo isianguke bila ruhusa

Vuta nyundo nyuma mpaka ishikwe. Bila kugusa kifyatulio, isukume mbele kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kawaida. Ikianguka, mazungumzo yameisha. Kuna mtu alikwangua ili kifyatulio kiwe laini, au kiwanda kiliacha ukingo mviringo.

Pili, tazama kama kuna kizuizi, kipande kinachozuia nyundo isiifikie risasi silaha ikianguka. Mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa na revolva ya Smith & Wesson iliyoanguka chini, na kampuni ikaongeza kizuizi kipya cha nyundo. Iver Johnson walikuwa wameshatatua jambo hilo miongo kadhaa kabla, wakatangaza silaha zao kwa kuwaalika wateja wagonge nyundo ya silaha kwa nyundo ya seremala. Walitumia ubapa unaopeleka pigo la nyundo kwa pini pale tu kifyatulio kimevutwa, na Ruger wakaweka kama huo kwenye zao za mtindo wa wachunga ng'ombe mwaka 1973. Kuuona ubapa wa namna hiyo ni rahisi: vuta kifyatulio na ushikilie, tazama kwa pembeni kati ya nyundo na fremu, ubapa wa chuma unapanda. Achilia, unashuka. Kama hakuna kizuizi cha aina yoyote, hiyo ni ya kubebwa na chumba tupu chini ya nyundo, kama walivyofanya wazee.

Kuhusu uzito wa kifyatulio sitakuchosha. Kilo 5 hivi kwa mvuto mrefu, kilo 1.5 hadi 2 kwa nyundo iliyovutwa. Za bei chini huwa nzito zaidi na hukwaruza kama zina mchanga ndani. Mchanga huo hulainika baada ya risasi mia chache. Kukwama hakulainiki.

Hatua ya tisa: uwanjani

Dukani umepima nusu tu. Nusu nyingine ni kwenye uwanja wa shabaha wenye leseni, miwani usoni na vizibo masikioni, na boksi nne za risasi hamsini hamsini. Ndiyo, risasi zitagharimu karibu robo ya bei ya silaha yenyewe, pengine zaidi. Usipokuwa tayari kulipa hiyo, hujui ulichonunua.

Andika namba kwenye vyumba kwa kalamu ya rangi. Anza na risasi za kawaida, si zile za moto. Piga kila chumba kwenye duara lake mwenyewe, mita kumi, silaha ikiwa imepumzishwa kwenye mfuko wa mchanga. Chumba kinachotupa mbali na wenzake kila mara ndicho kilichokatwa vibaya. Tandika karatasi nyeupe ubavuni, mbali kidogo na mwanya, pande zote mbili: masizi ni ya kawaida, lakini chembe za risasi zilizochoma karatasi upande mmoja zinasema chumba na mtutu havitazamani. Tundu la shabaha likiwa refu kama la ufunguo, risasi inaruka ikipinduka.

Maganda uyakusanye kama ushahidi. Kitobo cha pini kiwe katikati ya fataki na kina sawa. Kikiwa pembeni upande ule ule kwa chumba kile kile, rudi hatua ya nne. Hesabu fataki zilizogongwa zisilipuke: mbili katika mia mbili, kwa risasi za kampuni nzuri, zinatosha kuipeleka kwa fundi. Risasi isipolipuka, shikilia silaha ikielekea shabaha, hesabu hadi thelathini, ndipo ufungue, nyingine huchelewa. Na ukisikia mlio dhaifu kama kikohozi, acha kabisa, fungua, tazama kama risasi imebaki ndani ya mtutu.

Unapotoa maganda elekeza mtutu juu. Punje za baruti zisizoungua huanguka chini ya nyota ukielekeza chini, silinda inakataa kufunga, kisha unalaumu kiwanda. Mswaki wa zamani unalimaliza hilo.

Ile ya babu kwenye sanduku

Kuna swali ambalo watu wa hapa huniletea, si wa Phoenix. Babu alifariki, kwenye sanduku kukapatikana revolva ndogo yenye duara la umbo la yai na herufi ELG ndani. Hiyo ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Juu yake kukiwa na taji, ni ya baada ya 1893. Liège ilimwaga dunia nzima revolva za bei chini, nyingine nzuri, nyingine za kutisha mbwa wa barabarani wanaofukuza baiskeli. Nyingi ziliundwa kwa baruti nyeusi. Ukiitia risasi za leo, unaitia msukumo ambao chuma chake hakikuahidi. Usiipime, usiijaribu, usiipeleke sokoni. Ita polisi waje waichukue, au mtangulize mtu wa serikali ya mtaa akueleze namna, usitembee nayo mjini ndani ya mfuko wa plastiki kama jamaa mmoja aliyenijia nyumbani Katuba na kuiweka mezani karibu na sahani ya bukari, ugali wetu.

Mpwa alirudi dukani Jumatano na fila geji yake. Ile ya kwenye video ilikuwa na pengo la 0.15, zuri kabisa, nundu wima, sumaku inashika. Chumba cha nne kilichelewa. Akamwomba muuzaji nyingine ya mfano ule ule kutoka stoo. Akaipima vyumba vyote sita, ikafunga. Bei ilikuwa ile ile. Ameshapiga boksi mbili, na ameniandikia kwamba fataki moja haikulipuka, ya chumba cha pili, kitobo katikati lakini chepesi. Nimemwambia amalize boksi mbili zilizobaki, kwa risasi za kampuni nyingine, ahesabu.